Gitaa, Futikamba na Fomu ya Chuo

Kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo, subiri kwaya imalize mazoezi ya Jumamosi jioni, omba gitaa kwa dakika kumi, na uwe na futikamba mfukoni. Pima kuanzia kile kipande cheupe kilicho juu ya shingo, nyuzi zinapoegemea, hadi freti ya 12. Tuseme umepata sentimita 32.5. Zidisha kwa 2, upate uzi mzima: sentimita 65. Freti ya 12 hukaa katikati ya uzi na kutoa sauti ileile ya uzi mtupu, oktava moja juu. Usipime moja kwa moja hadi chini. Magitaa ya kwaya zetu yamefungwa na kufunguliwa mara nyingi, na kile kijidaraja cha chini hakikai tena pale fundi alipokiweka.

Sasa nenda freti ya 7. Uzi mtupu ukiuita do, hapo ndipo penye so. Sikio la binadamu linapenda so iwe na mitikisiko mitatu kila do inapokuwa na miwili, yaani uwiano wa 3 kwa 2. Kwa hesabu hiyo freti ya 7 ingekaa theluthi ya uzi, sentimita 21.67 kutoka juu. Aliyelitengeneza gitaa ameiweka kwenye 21.62. Pungufu ni nusu milimita. Futikamba ya fundi cherehani haiwezi kuiona vizuri, lakini ipo, na aliyeiweka hakukosea.

Zoezi hili linakuonyesha uko upande gani, hisabati au biashara ya muziki, vizuri kuliko mtihani wa majaribio. Kuna kijana ambaye nusu milimita itamkosesha usingizi. Atataka kujua kwa nini, na akiambiwa "ndivyo magitaa yalivyo" atakasirika. Kuna mwingine atakayepiga ile so, aridhike, halafu aulize mambo mengine kabisa: nyimbo za kwaya hii zilirekodiwa wapi, nani alilipia studio, albamu ikiuzwa fedha inakwenda kwa nani. Wa kwanza ana njia ya hisabati. Wa pili ana njia ya biashara ya muziki. Wapo wachache wanaouliza yote mawili, na mwongozo huu nimeuandika zaidi kwa ajili yao, maana ndio wanaosumbuliwa na ndugu: mjomba anasema hesabu, rafiki anasema studio.

Yule wa kwanza nimpe jibu lake asije akakesha. Panda so juu ya so, mara 12 mfululizo: unazidisha 3/2 kwa yenyewe mara 12, na unapata karibu 129.75. Panda oktava 7: unazidisha 2 kwa yenyewe mara 7, na unapata 128. Kwenye kinanda ni kibonye kilekile, kwenye hesabu ni namba mbili tofauti. Je, ukiendelea kupanda zitakutana mahali? Ili zikutane, ni lazima kipeo fulani cha 3 kilingane na kipeo fulani cha 2. Vipeo vyote vya 3 ni namba witiri. Vipeo vyote vya 2 ni namba shufwa. Witiri haitakuwa shufwa hata Ziwa Singidani likikauka na kujaa tena. Kwa hiyo hazikutani kamwe, na watengeneza vyombo wakaamua kuigawanya oktava hatua 12 zilizo sawa, kila hatua ikizidishwa kwa kipeuo cha 12 cha 2, ambacho ni 1.05946 na kuendelea bila mwisho. Kila so ikapunjwa kidogo ili nyimbo zipigike kwenye funguo zote.

Hayo maneno uliyosoma, witiri, shufwa, kipeo, kipeuo, uliyajua darasa la sita. Sekondari yakageuka Kiingereza na wengi tukadhani ni vitu vipya. Aya ile fupi ni uthibitisho kamili, wa aina ileile utakayokutana nayo mwaka wa kwanza chuoni. Kama umeusoma mara mbili na ukajisikia vizuri, endelea kusoma kwa makini sehemu ya hisabati hapa chini. Kama umeuruka, hujafanya kosa. Ruka na sehemu hiyo pia.

Pointi kwanza, ndoto baadaye

Kuingia shahada ya kwanza kwa njia ya kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka ufaulu wa alama kuu katika masomo mawili yanayohusika na kozi, yenye jumla ya pointi 4.0 kwenda juu. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ni nusu pointi na haihesabiki kuwa alama kuu. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha nchi nzima. Kozi yenyewe inaweza kutaka zaidi, na mara nyingi inataka.

Kwa hisabati kuna mtego unaowanasa watu kila mwaka. BAM, ile hisabati ya nyongeza wanayosoma watu wa PCB na CBG, si Hisabati ya Juu ya PCM, PGM na EGM. Shahada za hisabati, takwimu za bima na mfano wake zinataka ile ya juu, kwa alama kuu. Kijana wa kidato cha nne hapa kwetu Ilongero, Singida, anayewaza mambo haya, na bado hajachagua tahasusi, anafanya uamuzi wa chuo mwaka huu bila kujua. Baada ya hapo milango inabaki michache: kuirudia hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kuzunguka kwa njia ya stashahada.

Kwa muziki hali imebadilika hivi karibuni. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi nyingi mpya za kidato cha tano, zikiwemo za sanaa zenye somo la muziki, na mtaala ulioboreshwa umeleta mkondo wa amali ambamo muziki ni fani. Kutangazwa ni jambo moja, shule yenye mwalimu wa muziki na vinanda ni jambo jingine. Usihamie tahasusi ya muziki kwa sababu ya orodha. Piga simu shuleni, uliza wana walimu wangapi wa somo hilo na vyombo gani. Wakikujibu kwa kusitasita, soma EGM au HKL yako kwa amani na uimbe kwaya.

Mwongozo wa udahili wa TCU hutoka kila mwaka na kupatikana bure kwenye tovuti yao. Ndani yake kila kozi ina sifa za kuingilia, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Huo ndio waraka wa kusoma, tena wa mwaka wako, si uliobaki kwenye simu ya kaka yako. Lakini waraka huo unakupa majina ya shahada tu, na majina yanadanganya. Tafuta kijitabu cha chuo chenyewe, ule ukurasa unaoorodhesha masomo ya kila muhula, na hesabu kwa kalamu: kati ya masomo yote ya miaka mitatu, mangapi ni hisabati kweli? Utakuta shahada yenye neno hisabati kwenye jina lake, nusu yake ikiwa ualimu, na hilo ni jema kama unataka kufundisha. Utakuta nyingine haina neno hilo, na imejaa hisabati hadi shingoni.

Hisabati yenyewe ikoje huko

Toka Ilongero, chuo kikuu kikubwa cha karibu ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, ambacho kina ndaki nzima ya sayansi asilia na hisabati. Dar es Salaam kuna Mlimani, chuo kilichoanza 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili mwaka 1970. Idara yake ya Hisabati inafundisha wanafunzi wa hisabati, wa ualimu wa sayansi, wa takwimu za bima, na wahandisi wote wanaopita hapo kwa lazima. Vyuo vyake vishiriki, DUCE kule Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa, vimeegemea ualimu. Jirani na Mlimani, Changanyikeni, kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Katikati ya jiji, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, nacho kina shahada ya takwimu za bima. Na kwa asiyeweza kuondoka nyumbani, Chuo Kikuu Huria kina kituo chake Singida mjini. Nitakuwa mkweli kuhusu hicho cha mwisho: sheria au historia unaweza kuisoma peke yako ukiwa na nidhamu, lakini hisabati ya mwaka wa pili ukiwa peke yako na kitabu, bila mwenzako wa kubishana naye, ni adhabu.

Mwaka wa kwanza mshituko ni mmoja. Ulizoea swali linalosema "tafuta", sasa linasema "thibitisha". Kule sekondari ulitafuta eneo chini ya mkunjo kwa kanuni uliyoikariri. Chuoni utaulizwa eneo ni nini, na utatumia wiki tatu kulijibu. Somo hilo la kuchambua namba na mikunjo kutoka kwenye misingi yake ndilo linalowatoa wengi. Kuna aljebra ya matriksi na nafasi zake, ambayo ninaiona tamu kuliko zote na ndiyo inayofanya kazi nyingi zaidi duniani leo, kuanzia picha za simu hadi mifumo inayopanga nyimbo unazopendekezewa. Kuna milinganyo tofautishi, inayoeleza vitu vinavyobadilika: maji bombani, homa kijijini, uzi wa gitaa uliopigwa. Baadaye zinakuja nadharia ya makundi, topolojia, uwezekano na takwimu za juu.

Saa za kazi nazo zina hesabu yake. Kwa mfumo wa TCU, kredit moja ni saa 10 za kazi, na mwaka una kredit 120. Somo la kredit 12 ni saa 120, na zaidi ya nusu yake hutaiona kwenye ratiba ya ukumbi. Ni saa zako wewe na karatasi. Mwanafunzi wa hisabati anayehudhuria vipindi vyote na kusoma madesa ya wenzake bila kufanya maswali ataona sapu kabla ya Pasaka. Vyuo vingi vyetu huweka alama 40 za majaribio na 60 za mtihani wa mwisho wa muhula, kwa hiyo anayeanza kwa kusuasua hana sehemu kubwa ya kujificha. Na shahada ya daraja la kwanza ni wastani wa 4.4 kati ya 5. Anayetaka kuendelea juu alenge walau 3.5, kwa sababu fomu nyingi za uzamili zinaangalia hapo.

Juu kuna nini? Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ya uzamili na uzamivu, yenye hisabati tumizi na kompyuta. Kigali kuna tawi la AIMS, mtandao wa vituo vya sayansi ya hisabati ulioanza Afrika Kusini mwaka 2003, ambao hudhamini wanafunzi wa uzamili kutoka Afrika nzima. Binti wa Ilongero anayeambiwa kuwa hisabati ni ya wavulana amtafute Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, Mtanzania wa kwanza mwanamke kupata uzamivu wa hisabati, aliyeupata Berlin mwaka 1986 katika mwenendo wa vimiminika, akafundisha Mlimani na baadaye Rwanda.

Kuhusu ajira nitasema machache. Ualimu wa hisabati bado una upungufu mkubwa shuleni, ingawa ajira ya serikali ina foleni yake. Takwimu za bima ni fani yenye watu wachache na mshahara mzuri, ila shahada peke yake haikufanyi mtaalamu kamili: kuna mitihani ya vyama vya kitaaluma vya nje, inalipiwa kwa fedha za kigeni, na huchukua miaka. Ofisi ya Takwimu ipo Dodoma. Wengine wote wanaishia kwenye benki, kampuni za simu na programu za kompyuta, mahali ambapo hakuna anayekuuliza topolojia na kila mtu anafurahia kwamba uliisoma.

Muziki: chombo au ofisi?

Hapa jiulize swali moja kabla ya kutaja chuo. Unataka kupiga, au unataka kuendesha shughuli za wanaopiga? Ni ujuzi tofauti, na kozi zetu nyingi zimejengwa juu ya ule wa kwanza.

Anayetaka shahada ana njia mbili za wazi nchini. Mlimani kuna Idara ya Sanaa Bunifu, ambako muziki husomwa kama taaluma, na ambako amefundisha Imani Sanga, mtafiti na mtunzi ambaye maandishi yake kuhusu muziki wa Tanzania yanasomwa nje ya nchi. Usa River, nje kidogo ya Arusha, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira chenye shahada ya muziki. Kwa mtu wa Singida ni safari ya basi ya kupitia Katesh na Babati. Makumira ina mizizi ya Kilutheri na kwaya zake ni moto. Kwa mtoto wa kwaya, nyumbani kwake ni pale.

Asiye na kidato cha sita, au mwenye pointi zisizotosha, aangalie Bagamoyo. TaSUBa ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, ikawa wakala wa serikali mwaka 2007, na inatoa astashahada na stashahada za sanaa za maonyesho, filamu na utayarishaji wa muziki na sauti. Mwenye cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne anaweza kuanzia chini na kupanda. Pale ndipo alipofundisha marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa marimba na zeze kutoka kwa jirani zetu Wagogo. Niruhusu kurudi kwenye gitaa kidogo. Mtafiti Gerhard Kubik na wengine wameeleza kuwa sauti za muziki wa Wagogo hutoka kwenye mfululizo wa asili wa mitikisiko ya uzi, uwiano wa namba ndogo kama 4, 5, 6, 7. Maana yake marimba ya Dodoma haina ile nusu milimita ya kupunjwa. Ukiipiga pamoja na kinanda cha kwaya utasikia zinagombana, na kinanda ndicho kilichorekebishwa.

Zanzibar, Mji Mkongwe, kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002. Kinafundisha udi, kanuni, fidla, taarab na kidumbak, pamoja na nadharia. Anayetoka kwenye kaswida na kupenda mahadhi ya pwani asipite pembeni.

Chochote utakachochagua kati ya hivyo, anza sasa kusoma nota za mistari mitano. Kwaya zetu nyingi zinaimba kwa do re mi zilizoandikwa kwa herufi, na ni mfumo mzuri wa kufundishia watu 30 ndani ya wiki mbili. Vyuo vya muziki vitakupa karatasi ya mistari siku ya kwanza. Andaa pia nyimbo mbili unazoweza kuziimba au kuzipiga bila kutetemeka, moja ya kwenu, maana watakutaka uonyeshe.

Kuhusu gemu lenyewe

Sasa yule aliyeuliza fedha ya albamu inakwenda kwa nani. Ujuzi wa soko la muziki una sehemu nne, na kozi yoyote ya namna hiyo, fupi au ndefu, ipime kwa hizo: haki, mikataba, fedha, na uzalishaji pamoja na usambazaji. Isiyogusa haki na mikataba, hata ikiwa na studio nzuri namna gani, ni kozi ya produsa. Nayo ni kazi ya heshima, ila ujue unanunua nini.

Haki zinaanza na tofauti ambayo wasanii wakubwa waliilipia machozi. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku ile. Mwenye studio anaweza kumiliki rekodi bila kumiliki utunzi. Kwaya ya jirani ikiuimba wimbo wenu upya na kuurekodi, imetengeneza rekodi yake, lakini utunzi bado ni wenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Bara ni Na. 7 ya mwaka 1999 na msimamizi wake ni COSOTA; Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA. Kwa sheria ya Bara, ulinzi wa utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. BASATA, iliyoundwa kwa sheria ya 1984, ni jambo jingine: hiyo husajili na kusimamia shughuli za sanaa. Watu wanachanganya ofisi hizi mbili kila siku, wanasajiliwa BASATA na kudhani wimbo umelindwa.

Mikataba inataka hesabu ya darasa la saba na moyo mgumu. Tuseme shoo inalipa shilingi 1,000,000, na usafiri, malazi na wacheza dansi vimekula 400,000. Meneja wako ana asilimia 20. Akikata juu ya fedha yote, anachukua 200,000 na wewe unabaki na 400,000. Akikata baada ya gharama, anachukua 120,000 na unabaki na 480,000. Tofauti ya 80,000 kila shoo imekaa ndani ya neno moja la mkataba. Profesa Jay hakupewa uprofesa na chuo, lakini kizazi chake cha Bongo Fleva kilijifunza neno hilo kwa kuumia. Wewe unaweza kulisoma.

Fedha kwa maana ya mtaji: upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii, nao unataka andiko la mradi, si demo. Mwenye kuweza kuandika bajeti ya kurasa mbili inayojumlishika yuko mbele ya wengi.

Sauti yenyewe ni hisabati tupu, hata kama produsa hatakuambia. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa sababu sikio huishia karibu na mitikisiko 20,000, na kuna kanuni inayotaka upime zaidi ya mara mbili ya hapo. Biti ya 120 kwa dakika ina nusu sekunde kati ya pigo na pigo, kwa hiyo mwangwi unaotaka ukae juu ya pigo uweke milisekunde 500. Biti ikiwa 96? Gawa 60,000 kwa 96: ni 625. Maprodusa wengi hukisia kwa sikio, na wengi wao wana masikio mazuri.

Ukiwa na vyote viwili

Msimamo wangu ni huu. Mwenye pointi za hisabati, na ile nusu milimita ilimsumbua kweli, aende akasome hisabati chuoni, muziki aubebe pembeni. Uthibitisho haujifunziki peke yako kwa taa ya sola. Unahitaji mtu anayejua zaidi akurudishie karatasi mara kumi na kukuambia hapa umeruka. Muziki una watu wa kukurudishia kazi kila mahali, kuanzia mwalimu wa kwaya hadi wasikilizaji. Na kinyume chake, aliyezaliwa na muziki na hisabati yake ni ya kulazimishwa, asipelekwe EGM kwa sababu mjomba ana rafiki benki. Atadisko na muziki utakuwa umelala miaka miwili.

Ukichukua njia hiyo ya pamoja, kaa chuo ambacho vyote vipo ndani ya uzio mmoja au karibu. Mlimani panafaa: mchana uko Hisabati, jioni unaingia kwaya za chuo au unasikiliza mazoezi ya Sanaa Bunifu, na Jumamosi uko studio za Kinondoni au Sinza ukibeba nyaya za watu. Bagamoyo ni mwendo wa daladala, na tamasha lake la sanaa la kila mwaka ni darasa la uandaaji bure kwa anayejitolea kazi. Kwa mtandao, mihadhara ya aljebra ya Gilbert Strang wa MIT ipo bure, na Berklee ya Boston ina kozi fupi za biashara ya muziki. Pakua ukiwa Singida mjini kwenye intaneti nzuri, usikilize nyumbani.

Karatasi, na mambo ya JKT

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Matokeo hutoka Julai. Katikati kuna alizeti ya kuvuna na kupeta, na kuna JKT kwa mujibu wa sheria, iliyorudishwa 2013. Ukiitwa, utakuwa kambini muda uleule ambao dirisha la vyuo na la mikopo linafunguliwa, na simu yako haitakuwa mkononi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Ilongero acha bahasha kwa mtu mmoja unayemwamini, anayejua kutumia mtandao: namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, picha, namba ya NIDA ya mdhamini wako, na karatasi yenye kozi tano kwa mpangilio wako, si wake. Sahihi ya serikali ya kijiji na ya hakimu au wakili zitafutwe mapema. Mzazi mmoja akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Hicho ndicho huchelewesha watu kuliko vyote.

Mikopo ya Bodi inalipwa baadaye kwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa miaka mingi miongozo yake ilipanga fani kwa makundi, ualimu wa sayansi na hisabati ukiwa mbele na sanaa nyuma, hivyo anayekwenda muziki asome mwongozo wa mwaka wake kwa jicho kali na awe na mpango wa ada bila bumu, yaani fedha ya mkopo. Kwa stashahada, mikopo ina orodha yake ya fani. Hakikisha yako imo kabla ya kuuza kitu. Waliofaulu sana sayansi waangalie ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Na alizeti usiiuze yote shambani wakati wa mavuno bei ikiwa chini, acha magunia ya Oktoba, kwa sababu chuo hufunguliwa wakati huo na bumu huchelewa.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utathibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwa ujumbe wa simu. Laini hiyo iwe ya mtu mwenye bahasha. Safari yenyewe si tatizo siku hizi: gari la Singida mjini, basi hadi Dodoma, na treni ya umeme hadi Dar es Salaam tangu 2024.

Jambo moja la kufanya wiki ya mwisho. Kaa na mwalimu wa kwaya na mwenyekiti, chukueni daftari jipya, mwandike nyimbo zote za kwaya moja baada ya nyingine: nani alitunga maneno, nani mahadhi, mwaka gani, nani alilipia rekodi na wapi. Pale ambapo walitunga wawili, andikeni nani ana sehemu gani kwa mia, na kila mmoja asaini mbele ya mwenzake. Mtabishana, hasa kwenye ule wimbo uliopendwa. Malizeni ubishi kabla basi halijaondoka, pigeni picha kila ukurasa, daftari libaki kanisani na picha ziende nawe.